Kiti cha Mbele Kushoto

Mwanangu,

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama, hata rafiki yangu Divine. Kila asubuhi unapoingia ndani ya lile gari na kugeuza ufunguo, mimi hujificha nyuma ya pazia la chumba chetu na kuomba lisiwake. Naomba kwa nguvu, macho nimeyafumba. Likikohoa na kunyamaza, moyo wangu unaruka. Likiwaka, natoka nje kukupungia mkono kama watu wengine.

Sasa umejua. Usicheke kwanza, na usikasirike.

Mtu mwingine akiiokota barua hii atashangaa: msichana wa miaka kumi na minane, aliyemaliza shule juzi tu, anamwandikia baba yake "mwanangu". Wewe hutashangaa. Tangu nilipopewa jina la mama yako, Zaina, hujaniita kwa jina hata siku moja. Uliniita mama. Ukirudi kazini ulikuwa unasimama mlangoni na kuuliza, "Mama yangu amekula?" kabla hujamsalimia mkeo, ambaye ndiye mama aliyenizaa. Ukisafiri ulichuchumaa mbele yangu nikuwekee mkono kichwani na kusema, "Nenda na Mungu, mwanangu." Nilikuwa sijui hata kufunga viatu, lakini hilo nililijua.

Majirani walilipenda sana. Mama Fidele wa nyumba ya pili, anayeuza ndagala, vile visamaki vya ziwani, mpaka leo akiniona na ndoo ya maji ananipigia kelele mbele ya watu: "Mama Hasani! Mutoto wako amenipita asubui hata hakunisalimia. Ulimulea namna gani?" Watu wanacheka, na mimi nakimbilia ndani maji yakimwagika.

Zamani niliona ni mchezo wako na wangu. Siku hizi naona mchezo huo una kitu ndani yake. Bibi Zaina alifariki kabla sijazaliwa, na duniani hakuna mtu mwingine ambaye unaweza kuchuchumaa mbele yake. Kesho asubuhi, kabla ya kuondoka kwenda kufanya kazi Gitega, utachuchumaa tena, mbele ya mama, wadogo zangu na nusu ya mtaa. Unajua nilivyo. Watu wakiniangalia, maneno yananikauka mdomoni. Ndiyo maana nimekaa kuandika sasa, jua halijazama, wakati wewe umekwenda kuwaaga watu wa msikitini.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala za kula kabla hujatoka. Gitega kuna baridi, lakini mkeo amekwisha kukufungia sweta mbili na namsikia hapo chumbani akitafuta ya tatu. Hayo ni yake. Mimi nataka kukuandikia habari za kiti.

Unakumbuka siku ulipolileta gari? Umeendesha magari ya watu tangu kabla sijazaliwa. Kila jioni ulirudisha ufunguo kwa mwenyewe na kutembea kwa miguu hadi kwetu Nyakabiga. Siku ile ulikuja ukipiga honi toka kona ya duka la mkate, polepole, mkono umetoka dirishani. Gari jeupe, la mkono wa pili, usukani uko kulia kama magari yote yanayokuja kutoka Ujapani. Mama alijifunika uso kwa kanga akalia. Mama Fidele aliacha ndagala zake juani.

"Eh, Baba Zaina! Sasa umekuwa patron, mwenye mali. Tutakusalimiaka na mikono mbili!"

"Hiyo mikono muichunge," ulimjibu. "Essence ikikosa ndani ya tanki, ndo itaisukuma."

Watu walicheka, na mimi nilicheka, na wewe ulicheka kuliko wote. Sijawahi kukuona ukiwa kijana namna ile. Tulipoingia ili utuzungushe, mama alishika mlango wa mbele, wa kushoto. Ukamwambia, "Apana, kaa nyuma, bibi wa patron anakaaka nyuma." Alifurahi. Alikaa nyuma yako, akainua kidevu, tukazunguka hadi karibu na chuo kikuu kule Mutanga Sud na kurudi. Kwenye kiti cha mbele kushoto uliweka sanduku la vyuma vyako vya kazi. Ulisema springi yake imeharibika.

Sikuwaza kitu. Nilianza kuwaza siku ile ya foleni ya mafuta.

Ulikuwa umenichukua nikusaidie kushika nafasi, kwa sababu foleni ilikuwa inapinda hadi barabara ya pili na ulitaka kwenda kuswali. Gari lilikuwa limezimwa. Ulitoa sanduku, ukaniambia nikae mbele, tuongee. Ilikuwa raha. Uliniambia habari za bibi Zaina, kwamba naye alikuwa na aibu kama mimi, kwamba wageni wakija alikuwa anawasalimia akiwa ameangalia sufuria. Nilicheka sana. Halafu magari ya mbele yakasogea. Ukaniambia, "Mama, hamia nyuma."

Nilifikiri sikusikia vizuri. Tulikuwa tunasogea urefu wa gari moja tu. Nikahamia nyuma, ukawasha, ukasogea, ukazima. "Rudi mbele." Nikarudi. Foleni ikasogea tena. "Nyuma." Tulifanya hivyo mchana kutwa. Dereva wa nyuma yetu alitoa kichwa dirishani akauliza, "Mzee, huyo mutoto anacheza mupira ama?" Ukamjibu kwamba unanifundisha nidhamu. Wewe ulikuwa unacheka, lakini kila mara kabla ya kugusa ufunguo uligeuka kuhakikisha nimeshakaa nyuma yako. Ulinitazama kama unavyotazama barabara.

Halafu ikaja siku ile ya gereji ya Buyenzi. Mama alinituma nikuletee wali na maharage kwa Selemani, rafiki yako wa utotoni, fundi wa kunyoosha bodi za magari. Nilifika na sufuria yangu, nikaona wanaume wengi uani, na kwa aibu nikasimama nyuma ya pipa la mafuta machafu nikingoja wapungue. Mlikuwa mmeinama ndani ya gari letu, wewe na yeye, miguu tu ndiyo ilionekana. Sikukusudia kusikiliza.

"Hasani, we ni ndugu yangu, sitakudanganya," alisema. "Hii gari, bima ya kule ilikotoka iliihesabu ni maiti. Ilimulipa mwenyewe, ikaiuza kama chuma. Wenye kuileta huku waliipangusa tu, wakaipiga rangi."

"Niliijua."

"Uliijua?"

"Mwenye kuniuzia aliniambia mbele ya kutoa franga. Hakunificha. Ingekuwa nzima, mi ningeitoa wapi?"

"Na bibi yako, mama wa watoto?"

"Apana. Na we hautamwambia."

Selemani akavuta mkanda wa kiti cha kushoto. Niliusikia ukitoka wote, bila kukamata. "Angalia. Inakuja tu, kama kamba ya mbuzi. Haishike. Na hapa mbele, ule mufuko wenye kutoka mutu akigonga, hakuna kitu, ni kifuniko wamebandika na gundi. Na hii soudure yenye kuunga vyuma chini ya kiti ni ya kupiga picha tu. Upande wako ni muzima. Nyuma ni muzima. Huku ndo ilipigwa. Niachie juma moja, nitafute vyuma kwa gari ingine, nikukamatie vizuri."

"Juma moja sina, Sele. Nikichelewa, nafasi yangu kwa parkingi ya Gitega itapewa mutu mwingine. Nitaitengeneza nikirudi."

"Na mwenye kukaa hapa?"

Nilikusikia ukiurudisha mkanda. Halafu ulisema, "Ni abiria tu. Atakaa masaa mawili, atashuka."

Nilitoka nyuma ya pipa kwa sababu sufuria ilikuwa inaniunguza. Ukanyanyuka, ukafuta mikono, uso wako ukawaka kama taa. "Mama yangu huyu!" uliwaambia watu wote. "Ameniletea chakula mwenyewe." Ulinipokea sufuria kwa mikono miwili, kama mtoto mwenye adabu. Na mimi niliangalia chini, kama bibi.

Mwanangu, sikuandikii ili kukuhukumu. Nimekaa na maneno yale siku nyingi, na kila nikitaka kukukasirikia naikumbuka foleni ya mafuta. Ulijua kitu kibaya, na ulichofanya nacho ni kuniweka mimi upande mzima, mama upande mzima, wadogo zangu upande mzima. Sidhani kama nitaona tena mtu akinipenda kwa namna ile, ya kunihamisha kiti kwa ajili ya hatua chache za foleni. Nilitaka ujue kwamba nimeiona.

Lakini kesho unaanza kazi ya kupakia watu. Watatu watakaa nyuma. Mtu wa nne atakaa wapi?

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba gari la usukani wa kulia katika nchi hii, ambako tunapita upande wa kulia, dereva wake hana jicho la kupita lori. Yuko ukingoni, lori limemfunika. Anayeona ni abiria wa mbele. Ulinieleza jinsi mnavyofanya kwenye mlima wa kwenda Bugarama, nyuma ya malori ya ndizi na vijana wa baiskeli wanaojining'iniza: gari linachungulia katikati ya barabara kidogo, abiria anaangalia, anasema "Pita" au "Ngoja." Ulisema abiria wa mbele ni nusu ya dereva. Basi nikawaza: kiti kile ndicho kinachotokeza kwanza katikati ya barabara, kabla yako wewe. Mtu atakayekuwa jicho lako ndiye umemfunga kwa kamba ya mbuzi.

Nitakueleza jambo la shuleni ambalo hukulijua. Mwaka wa mwisho tulikuwa na benchi moja karibu na dirisha ambalo mguu wake ulikuwa umeshikwa kwa waya. Darasa zima tulijua. Tulikuwa tunakuja mapema kila siku, kila mmoja akikwepa kuwa wa mwisho. Aliyechelewa alikaa pale ameegemea ukuta, akijibana, akijua jinsi ya kukaa. Hatukusema kwa mwalimu kwa sababu kusema kulikuwa ni kuulizwa nani alilivunja.

Katikati ya muhula akaja Divine, amehamishwa kutoka shule ya Mutanga Nord. Aliingia siku ya kwanza amechelewa, na nafasi ilikuwa moja. Nilimwona akielekea pale. Nilifungua mdomo. Nikawaza vichwa vyote vikigeuka kuniangalia mimi, nikaufunga. Alikaa kwa uzito wake wote, kama mtu anayeamini benchi. Mdomo wake uligonga pembe ya meza iliyokuwa mbele yake, na jino la mbele likakatika nusu.

Hakuna aliyemsukuma. Tulimwachia nafasi tu.

Baadaye sana, tulipokuwa tumekwisha kuwa marafiki, nilimwambia kwamba nilijua. Ilinichukua muda wote wa kutembea kutoka shule hadi kwao kulitoa neno lile. Yeye alisema, "Zaina, mi nilijua mulijua. Wote mulijua. Mwenye hakujua nilikuwa mi peke yangu." Hakuninunia. Aliendelea kula karanga zake. Lakini akicheka anaweka mkono mdomoni, na mimi kila mara naangalia pembeni.

Ndiyo maana siwezi kulala vizuri, mwanangu. Yule aliyekuuzia gari alikuambia ukweli kabla hujanunua. Tunawasema wauza magari kila siku, lakini huyo alikupa nafasi ya kuchagua, na ukachagua, ukapanga hata nani akae wapi. Mtu utakayempakia pale stendi hatakuwa amechagua kitu. Ataona kiti cha mbele, atafurahi kwamba miguu yake itanyooka, na atakaa kwa uzito wake wote.

Najua kwa nini hutaki kungoja. Matokeo yangu ya mtihani wa taifa yakitoka vizuri, unataka niingie chuo kikuu bila kuhangaika. Nilikusikia ukimwambia mama kwamba mwanao wa kwanza hatakwenda pale na viatu vya kuazima. Unaondoka kwa sababu yangu, na mimi sijawahi kulisha nyumba hata siku moja, sijui uzito wake ulivyo asubuhi. Huenda ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo. Lakini nikikaa darasani nitataka kuwaza somo. Sitaki niwe naangalia saa na kujiuliza ni nani amekaa kushoto kwako leo, na kama wameshafika juu ya mlima.

Nilifikiria kukuomba uondoke kesho, kiti kile ukiache kitupu. Halafu nikakumbuka kwamba nakujua. Siku ya kwanza kitakuwa kitupu. Siku ya pili utaweka sanduku. Siku ya mvua atakuja mama mwenye mtoto mgongoni, gari limejaa, giza linaingia, atakuomba. Na wewe hujawahi kumwacha mtu kwenye mvua. Utalitoa sanduku mwenyewe, utampangusia kiti, utamfungia mlango. Ni huruma yako itakayomkalisha pale, na hilo ndilo linaloniogopesha zaidi.

Nilifikiria pia kwamba kesho nikae mimi. Niamke kabla yako, niingie garini, nikae kiti cha mbele kushoto na begi langu mapajani, na nisitoke hadi uamue. Niliona hata uso wako utakavyokuwa. Lakini nikaacha. Ingekuwa ni kukutisha, na mama hamtishi mtoto wake kwa roho yake mwenyewe. Nataka uamue ukiwa peke yako, umesoma, hakuna anayekuangalia.

Mpe Selemani juma lake moja. Nafasi ya Gitega ikipotea, imepotea. Utatafuta nyingine ukiwa na gari ambalo unaweza kumkalisha mtu yeyote popote. Chuo nitakwenda na viatu vya Divine, miguu yetu inalingana.

Najua unalowaza sasa. Umekwisha kuaga. Msikiti mzima umekuombea dua, begi limefungwa, Mama Fidele amekuletea ndagala za safari na kukataa kulipwa. Mwanamume akishaaga hivyo, kubaki ni aibu, na atakayekutana nawe kesho kutwa atauliza una nini. Aibu naijua kuliko mtu yeyote wa nyumba hii. Inaweza kumfanya mtu anyamaze akiona mwenzake anakwenda kukaa pabaya. Basi nimekutafutia sababu.

Waambie mama yako amekataa.

Sema hivyo tu. "Mama hakuniruhusu. Amesema juma lijalo." Watacheka mpaka wachoke. Mama Fidele atakuja mlangoni kuniuliza kwa nini namzuia mtoto mkubwa namna hii asiende kutafuta maisha, na wengine watajaa nyuma yake kunisikiliza. Mara hii sitakimbilia ndani. Nitatoka, nitasimama mbele yao, nitasema ndiyo, nimemkataza, ni mwanangu. Huenda sauti itatetemeka, lakini nitasema. Na katika mtaa wetu hakuna mtu atakayekulazimisha kusafiri bila ruhusa ya mama yako.

Lakini habari ya kiti, na maneno ya kwa Selemani, na vile nilivyosimama nyuma ya pipa, tafadhali usimwambie mtu. Usimwambie hata mkeo, maana anajivunia kukaa nyuma na sitaki ajue kwa nini. Barua hii ukimaliza kuisoma ichane, au iweke mahali unapoweka vitu vyako usivyotaka tuvione. Wao wajue kwamba mama amekataa. Sababu tuijue mimi na wewe.

Mama yako,
Zaina